Röntgen na Siri ya Taya

Tangu Mombasa hadi Machakos, anayeumwa na taya huweza kupigwa eksirei ili mzizi wa jino uonekane. Elimu hiyo twaidaiwa na marehemu Wilhelm Röntgen, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1845 na kufukuzwa shule kwa kosa la mwenzake. Novemba 1895 aligundua miali inayopenya nyama na kuonyesha mfupa. Januari 1896 daktari wa meno Otto Walkhoff alijipiga picha ya meno yake, akitulia dakika 25. Röntgen alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 1901, fedha zake alikipa Chuo Kikuu cha Würzburg kwa utafiti. Wala hakutaka hati ya kumiliki uvumbuzi wake. Aliwaachia watu wote. Alifariki Munich mwaka 1923, akiba yake imeliwa na kuporomoka kwa fedha ya Ujerumani. Mali ilikwisha, manufaa yangalipo.