John Dunlop: Daktari wa mifugo aliyetia upepo kwenye gurudumu

Kama umewahi kupanda boda kutoka Bungoma, ukapitia Chwele na Kimilili hadi Kitale, unajua thamani ya upepo kwenye tairi. Ukipungua kidogo tu, mgongo wako ndio wa kwanza kulalamika. Ukipata pancha, safari yote iko mikononi mwa fundi mwenye pampu na gundi. Leo nataka umjue mzee ambaye jina lake limeshikana na upepo huo, ingawa hadithi yake haijanyooka vile unavyodhani.

John Boyd Dunlop alizaliwa mwaka wa 1840 katika kijiji cha Dreghorn, Scotland. Hakuwa injinia. Alikuwa daktari wa mifugo, na kazi yake ilikuwa mjini Belfast, Ireland.

Mwaka wa 1887 alimwona mwanawe Johnny akirushwarushwa barabarani na baiskeli yake ya magurudumu matatu. Enzi hizo gurudumu la baiskeli lilivishwa mpira mgumu, hakuna upepo ndani. Dunlop akachukua mpira mwembamba, akatengeneza tyubu, akaizungusha kwenye kipande cha mbao cha mviringo na kuijaza kwa pampu ya kandanda. Kisha akaviringisha magurudumu mawili uani. La zamani lilianguka njiani. Lile la upepo lilivuka ua wote, likagonga lango na kurudi!

Alipata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, mwaka wa 1888. Mwaka uliofuata mwendeshaji baiskeli Willie Hume alitumia matairi hayo akafagia mashindano Belfast. Miongoni mwa walioshindwa walikuwa wana wa mfanyabiashara Harvey du Cros. Mzee huyo hakununa, alinusa pesa. Kampuni ikaanzishwa Dublin.

Lakini ngoja kidogo. Mwaka wa 1890 Dunlop aliambiwa hataza yake si halali. Kumbe Mskoti mwenzake, Robert Thomson, alikuwa ameandikisha wazo lilo hilo mwaka wa 1845, kwa magari ya farasi, na dunia ikalisahau! Kampuni iliponea kwa hataza nyingine za rimu na tairi. Dunlop mwenyewe alijiondoa miaka michache baadaye. Alifariki Dublin mwaka wa 1921, bila utajiri mkubwa ambao wengine walivuna kwa jina lake.

Kuna walioumia zaidi. Baiskeli zilipopendwa, dunia ilihitaji mpira mwingi, na sehemu yake ilitoka misitu ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi 1908. Kijiji kisichotimiza kiasi cha mpira kilichotakiwa kilichomwa, watu wakauawa, wengine wakakatwa mikono. Dunlop hakuwatuma wauaji hao, lakini starehe ya tairi ililipiwa huko.

Jina lilizidi kukimbia hata baada ya mwenyewe kuzikwa. Mwaka wa 1922 kijana William Lyons na mwenzake walianza kutengeneza vigari vya kuunganishwa kando ya pikipiki huko Blackpool. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Jaguar. Gari lao la spoti la 1948, XK120, lilipita kilomita 190 kwa saa. Mwaka wa 1953 Jaguar ilishinda mbio za Le Mans ikiwa na breki za diski kutoka kampuni ya Dunlop.

E-Type ya 1961 ilikuwa na magurudumu ya spoki, yenye tyubu ndani, sawa na baiskeli ya muuza maziwa wa Kimilili. Mwanzoni nyuzi za matairi yake zilipishana kimshazari. Baadaye yakaja ya radiali, ambayo nyuzi zake huvuka tairi moja kwa moja, hivyo tairi hushika lami vizuri zaidi kwenye kona.

Sasa wewe uliye na wazo kichwani, labda mashine ya kupukuchua mahindi pale Kitale, usilale. Ulizia KIPI, taasisi inayosajili hataza nchini. Ulinzi wake ni wa miaka 20. Lakini kabla ya kulipa hata shilingi, tafuta kwanza kama kuna Thomson aliyekutangulia.