Arthur Wharton: kipa aliyemalizia daraja la pili

Leo nawaletea kipa mmoja wa zamani sana.

Arthur Wharton alizaliwa Accra, Ghana ya leo, mwaka 1865. Mwaka 1882 akaenda Uingereza kusomea umisionari, lakini michezo ikamteka. 1886 akawa bingwa wa mbio za yadi 100 kwa sekunde 10, na msimu wa 1886-87 akaidakia Preston North End mpaka nusu fainali ya Kombe la FA.

1889 akasaini Rotherham Town kwa mshahara. Anatambuliwa kuwa mweusi wa kwanza kucheza soka ya kulipwa. Lakini daraja la kwanza alipata mechi moja tu: Sheffield United na Sunderland, 1895. Ndiyo Sunderland hiyo ambayo Simba walitumia jina lake hadi 1971.

Msimu wa mwisho, 1901-02, alikuwa Stockport County, daraja la pili, umri miaka 36. Baada ya hapo ni mgodi wa makaa ya mawe. Alifariki Desemba 1930 akiwa fukara, akazikwa kwenye kaburi lisilo na jina. Jiwe liliwekwa 1997, yaani zaidi ya miaka 66 baadae!

Hapo ndipo panaponiuma. Kipa wa daraja la chini anadaka, anaumia, msimu ukiisha hakuna hata anayeandika jina lake. Wa Ulaya tunawajua wote. Je, wa kwetu? Jamani, tuwaandike wangali hai.