Gauhar Jaan na dakika tatu za santuri

Gauhar Jaan alizaliwa Azamgarh, India, mwaka 1873, akaitwa Angelina. Wazazi wake walipoachana, mamake alisilimu, naye binti akapewa jina la Gauhar. Mama alikuwa mwimbaji hodari. Binti akafuata nyayo. Alijifunza khayal, uimbaji ambao mtu huikunjua raga moja taratibu hata kwa saa nzima, na thumri, nyimbo za mahaba.

Mwaka 1902 kampuni ya Gramophone ilifika Calcutta kurekodi. Sahani ya santuri ilibeba dakika tatu tu. Wakubwa wengi wa fani walikataa, wakaona huko ni kuikata raga shingo. Gauhar alikubali. Alichukua kiini cha raga, akakiimba kwa kasi, na mwishoni akataja jina lake.

Aliacha mamia ya rekodi kwa lugha zaidi ya 10. Utajiri ulimwishia, akafariki Mysore Januari 1930. Miaka miwili kabla, Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay kurekodiwa na kampuni hiyo hiyo.

Waliokataa santuri, leo tunawasikia kwa kusimuliwa tu. Gauhar bado anaimba.