Abu Zayd al-Balkhi na Huzuni Isiyo na Sababu



Katika masomo yangu ya historia ya wanachuoni, aliyenigusa zaidi ni Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi (Allah amrehemu). Alizaliwa karibu mwaka 850 katika kijiji kilicho jirani na mji wa Balkh, Afghanistan ya leo. Baba yake alikuwa mwalimu wa watoto. Akiwa kijana alisafiri hadi Iraq kutafuta elimu, akakaa huko miaka kadhaa, kisha akarudi kwao kufundisha na kuandika. Alifariki mwaka 934.

Miongoni mwa vitabu vyake ni Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Kwake viwili hivyo vimefungamana: kimoja kikiugua, kingine hudhurika. Akaigawa huzuni mafungu mawili. Ya kwanza sababu yake inajulikana, kama kufiwa au kupoteza mali. Ya pili mwenyewe hajui imetoka wapi. Ananyong'onyea tu, wala hafurahii kitu. Hii aliihusisha na hali ya mwili, akataka mwili nao utibiwe. Aliye mzima akamshauri aweke akiba ya mawazo mema wakati wa utulivu, kama tunavyoweka dawa nyumbani kabla ya homa.

Leo madaktari wanaitambua sonona isiyo kali lakini sugu, ambayo kwa mtu mzima hudumu miaka miwili au zaidi. Mwenye nayo anahudhuria vipindi, anaswali jamaa, hata anacheka nasi, ila kila jambo ni zito kwake. Kwa kuwa hajalazwa, wapo wanaomwambia imani yake imepungua. Basi ananyamaza, na ugonjwa unakomaa.

Tukumbuke kuwa Nabii Yaqub (a.s.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akimwomba Allah amkinge na huzuni. Basi huzuni si dalili ya ukafiri, na dua haigombani na daktari. Ukimwona mwenzako chumbani amepoa muda mrefu, usimhukumu. Kaa naye, msikilize, umsindikize kwa mshauri au hospitalini.

Allah awaponye wagonjwa wetu, wanaoonekana na wasioonekana. Amin.