Peter Cushing: Msee Aliyerudi Kwa Star Wars Miaka 22 Baada ya Kuaga

Kama ulicheki Rogue One ya 2016, unamkumbuka yule mzee mkonde, mashavu yameingia ndani, anatoa amri na kila mtu anatii? Sasa skia: huyo mzee alikuwa ashakufa 1994. Muigizaji mwingine, Guy Henry, ndiye alisimama mbele ya kamera, alafu kompyuta ikambandika sura ya marehemu.

Mwenye sura anaitwa Peter Cushing. Tulia nikupe stori, juu hiyo sura ilitoka mbali.

Alizaliwa Mei 1913 huko Surrey, Uingereza. Alianza na kajob kwa ofisi ya kanju ya kwao, akisaidia wapima ardhi, lakini roho ilikuwa kwa uigizaji. 1939 akaenda Hollywood na tiketi ya kwenda tu, ya kurudi hakuna. Akapata vipande vidogo, vita ikachacha, 1942 akarudi nyumbani.

Hapo ndio alisota. Kuna wakati alikuwa anachora skafu za hariri kwa mkono ndio apate ya kula. Bibi yake Helen, naye muigizaji, ndiye alimsukuma aandikie watu wa televisheni barua. Ikajipa. 1954 akawa staa wa Nineteen Eighty-Four ya BBC, drama ilitisha watu hadi ikafika bungeni.

Kampuni ya Hammer ikamchukua. 1957 akawa Frankenstein, 1958 akamwinda Dracula, ambaye alikuwa Christopher Lee. Kwa skrini walikuwa wanauana, nje walikuwa mabeshte wa kufa kuzikana.

Alafu 1971 Helen akaaga. Cushing alivunjika kabisa. Alijizika kwa kazi, muvi baada ya muvi, ndio siku zisonge.

Ndio tukampata Star Wars ya 1977 kama Tarkin. Buti alizopewa zilimbana vibaya, akaomba avae slipas za nyumbani, kamera ikawa inamchukua kutoka magoti kuenda juu. Kwa hivyo kuna mahali kwa hiyo muvi jamaa anaamuru sayari nzima ilipuliwe, na chini yuko na slipas!

Waliosimamia mali yake walikubali sura itumike 2016. Lakini yeye mwenyewe hakuna mtu angemuuliza. Na hapo ndio noma iko, na si ya mastaa peke yao. Wewe unapost uso wako kila siku, na sai simu yako tu inaweza kukutengenezea mtu anayefanana na wewe.

Kompyuta ilinasa mashavu ya Cushing poa sana. Ile tiketi bila kurudi, zile skafu, kile kilio cha Helen, hivyo vyote vilibaki na mwenyewe. Na ndivyo vilichonga hiyo sura.

Ikiwa ni wewe, ungekubali wakurudishe?