Mfalme wa Maharage Yasiyo na Chumvi

Habari za maharage hapa chuoni hatuhitaji kufundishwa. Bumu likichelewa tunayala mchana, tunayala usiku, na siku nyingine hata chumvi yenyewe ni ya kuomba chumba cha jirani. Kumbe kule Louisiana, kusini mwa Marekani, kuna watu walioyageuza maharage ya namna hiyo kuwa jina la muziki. Ni Wakrioli weusi, wengi wao wazao wa watumwa, waliokuwa wakizungumza Kifaransa cha kwao. Mambo yakiwa magumu walikuwa wakisema maharage hayana chumvi, yaani hata kipande cha nyama ya chumvi cha kutia sufuriani hakipo. Neno lao la maharage ni les haricots. Likitamkwa haraka haraka na watu wa kule linasikika kama zariko, na baadaye likaandikwa zydeco. Aliyeufikisha muziki huo duniani, hadi akavishwa taji, ni Clifton Chenier.

Alizaliwa tarehe 25 Juni 1925 karibu na mji wa Opelousas. Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na ardhi: unalima shamba la mtu, mavuno mnagawana, na mwisho wa msimu unabaki pale pale ulipoanzia. Baba yake, Joseph, alikuwa mpigaji wa akodiani katika ngoma za nyumbani za Jumamosi. Akodiani ndicho kile kinanda cha kukumbatia kifuani, tunachokisikia kwenye taarabu ya Zanzibar. Mchana Clifton na kaka yake Cleveland walikuwa shambani, jioni masikio yote yalikuwa kwa mzee.

Nyumbani waliongea Kifaransa. Lakini katiba ya Louisiana ya mwaka 1921 ilikuwa imeamuru shule zifundishe kwa Kiingereza tu, na watoto wengi waliadhibiwa kwa kutamka lugha ya mama zao. Wale tuliovishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili tunaelewa jambo hilo linavyomkaa mtoto moyoni. Unakua ukiamini kwamba vya kwenu ni vya kishamba. Na hapo ndipo utamu wa habari za Chenier ulipo.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, ndugu hao wawili walifuata kazi kwenye viwanda vya kusafisha mafuta vya Port Arthur, Texas. Kazini siku za wiki, muziki wikiendi. Zamani wapiga ngoma za Kikrioli walichukua ubao wa bati wa kufulia nguo, wakaufunga kamba shingoni na kuukwaruza. Ulining'inia vibaya na kumchosha mpigaji. Mwaka 1946 Chenier alimweleza fundi wa chuma aitwaye Willie Landry anachokitaka: bati la mikunjo lenye mabega, livaliwe kama fulana. Landry akalitengeneza. Cleveland akalivaa, akashika vifungulio vya chupa mikono yote miwili, na kuanzia hapo kila bendi ya zydeco ina mtu wa bati. Wazo la mfanyakazi wa kiwandani limekuwa ala ya muziki kamili.

Chenier alirekodi mara ya kwanza mwaka 1954. Mwaka uliofuata kampuni ya Specialty ya Los Angeles ilitoa wimbo wake Ay-Tete-Fee, ukashika kweli kweli. Jamaa akaacha kiwanda, akazunguka Marekani na wanamuziki wakubwa wa blues. Lakini umaarufu una tabia ya kuhama bila kuaga. Kufika mwanzo wa miaka ya 1960 alikuwa amerudi kwenye vilabu vidogo.

Mwaka 1964, mpiga gitaa maarufu Lightnin' Hopkins, aliyekuwa na undugu na mke wa Chenier, alimchukua Chris Strachwitz, mwenye kampuni ndogo ya Arhoolie, wakaenda kwenye baa moja mjini Houston. Walimkuta Chenier na akodiani yake na mpiga dramu mmoja tu. Strachwitz akataka kumrekodi mara moja. Hapo ukazuka ubishi ambao ungetokea hata kwetu leo. Mwenye kampuni alitaka nyimbo za zamani, za Kifaransa, za kijijini. Chenier yeye alitaka blues ya kisasa, ya Kiingereza, yenye mshindo, maana aliona ndiyo yenye soko. Wakakubaliana kugawana sahani: upande mmoja hivi, upande wa pili vile. Ndiyo ikatoka Louisiana Blues and Zydeco ya mwaka 1965.

Mtu anaweza kusema Strachwitz ndiye aliyeshinda, kwa sababu dunia ilimjua Chenier kwa Kifaransa chake. Mimi sioni hivyo. Angemsikiliza Strachwitz kwa kila kitu, angebaki kitu cha makumbusho. Angeufuata moyo wake peke yake, pengine angekuwa mwimbaji mmoja wa blues kati ya maelfu. Alichofanya ni kuvichukua vyote viwili. Akodiani yake ilikuwa kubwa, ya vibao kama vya piano, si ile ndogo ya vifungo waliyoizoea wazee, na hivyo aliweza kupiga blues yoyote aliyoitaka. Bendi yake, Red Hot Louisiana Band, ilikuwa na saksafoni, gitaa la umeme na dramu, na kaka Cleveland na bati lake pale mbele. Valsi ya bibi ikafuatana na blues ya mjini, na wachezaji hawakukaa.

Walipiga kwenye vilabu na kumbi za makanisa ya Kikatoliki, mara nyingi saa nne mfululizo bila mapumziko. Mwaka 1969 alikwenda Ulaya, na 1975 akapanda jukwaa la Montreux, Uswisi. Alivaa taji kichwani, na hakuna aliyebisha.

Miaka ya mwisho ilikuwa ya mateso. Kisukari kilimla mguu, sehemu ikakatwa. Figo zikachoka, akawa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine. Bado alipanda jukwaani. Mwaka 1984 akapokea tuzo ya Grammy kwa albamu yake I'm Here!, na mwaka huo huo serikali ya Marekani ikampa heshima ya wasanii wa jadi. Alifariki tarehe 12 Desemba 1987 mjini Lafayette, akiwa na miaka 62. Bendi ikachukuliwa na mwanawe, C.J., aliyekuwa akimpigia saksafoni.

Basi wanachuo wenzangu, siku mkiona haya kuimba wimbo wa kijijini kwenu kwenye usiku wa vipaji, mkumbukeni mzee huyu. Yale maharage yasiyo na chumvi hakuyaficha chini ya meza. Aliyabeba hadi Uswisi, na watu wakacheza.