Johann Ludwig Krapf: Mtu Aliyeandika Alivyosikia

Mwaka huu nimeamua kuandika maisha ya mtu ambaye wengi wetu tunamjua kwa jibu moja tu la mtihani wa historia, yaani Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Tukishaandika hilo tunapata alama yetu na kwenda zetu. Kumbe mtu huyu ana mengi ya kutufunza sisi wanachama wa Kiswahili, hasa hapa Masinga, ambapo mtu akisema "lafiki" badala ya "rafiki" darasa zima huangua kicheko.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alisomea kazi ya umisheni huko Basel, Uswisi, kisha shirika la CMS la Uingereza likamtuma Uhabeshi mwaka wa 1837. Kazi ya huko ilipokwama, aliteremka pwani, na Januari 1844 akafika Unguja. Sultani Seyyid Said alimpa barua ya ruhusa, naye akahamia Mombasa.

Msiba ulimngoja huko. Julai mwaka uo huo mkewe, Rosine, alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga akafuata baada ya siku chache. Kaburi la mama huyo liko Nyali hadi leo. Mtu mwingine angefunga virago arudi kwao, lakini Krapf alibaki. Alikuwa tayari ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa.

Hapa ndipo utamu wa habari yangu ulipo. Watu wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, kwa hivyo si kweli ati Krapf ndiye aliyeleta kuandika. Yeye alichagua herufi za Kirumi. Lakini neno moja liandikwe vipi? Hakukuwa na kamusi ya kutazama wala mwalimu wa kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Aliandika kama sikio lake la Kijerumani lilivyosikia. Wachaga waliitwa Jagga katika maandishi yake, na Kiyao kikawa Kihiau. Hata jina la lugha yetu lilimsumbua. Kitabu chake cha sarufi cha 1850 kinasema Kisuaheli, lakini kamusi yake inasema Suahili. Mwaka uo huo wa 1850 alichapisha pia msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwemo.

Kikamba alikijua kwa miguu yake. Novemba 1849 aliondoka Rabai, mahali ambapo yeye na mwenzake Rebmann walikuwa wamejenga misheni, akaja Ukambani hadi Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Tarehe 3 Desemba aliuona mlima wenye theluji. Wataalamu fulani wa Ulaya walimcheka, wakidai theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta.

Mlima huo Wakikuyu huuita Kirinyaga, nasi Wakamba husema Kiinyaa. Krapf aliandika Kegnia, na pengine Kenia. Mwaka wa 1920 jina hilo la mlima likawa jina la koloni zima. Waingereza wengi walilitamka "Kiinya", kwa kuwa herufi e kwao mara nyingi husomwa kama i ndefu. Baada ya Uhuru wa 1963, wakati wa Mzee Jomo Kenyatta, matamshi ya "Kenya" yenye e ndiyo yaliyoshinda. Ukisikiliza vizuri utaona jambo la ajabu. Wakoloni hao, bila kukusudia, walikuwa karibu na nyanya zetu kuliko sisi wenyewe!

Mwaka wa 1851 Krapf alirudi, akaandamana na Kivoi hadi karibu na Mto Tana, ambao yeye aliuandika Dana. Ndio mto huu huu uliojaza bwawa letu la Masinga. Majambazi waliwavamia na Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake, akijificha mchana na kutembea usiku. Kwa kiu, alijaza maji katika mitutu ya bunduki yake na kuiziba kwa nyasi. Jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo hicho, ikabidi awakimbie hao pia, mpaka akafika Rabai akiwa hoi.

Alirudi Ulaya 1853 kwa sababu ya afya. Alikufa Korntal, Ujerumani, tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka wa 1882. Hakuishika mkononi.

Kamusi hiyo ilifuata Kimvita, lahaja ya Mombasa, ambayo husema nti, ndia na moya. Askofu Steere naye alikuwa ameandika vitabu vyake kwa lahaja ya Unguja. Basi mwaka wa 1928 wakuu wa elimu walikutana Mombasa, na katika mji huo huo wa Kimvita wakachagua Kiunguja kiwe Kiswahili sanifu. Ndiyo maana leo tunaandika nchi, njia na moja. Nti halikuwa kosa jana yake. Lilikuwa Kiswahili safi, ila halikuchaguliwa.

Waingereza nao yaliwapata. Kule Marekani Noah Webster alitoa kamusi mwaka wa 1828 akaondoa u katika neno colour. Mwanafunzi wa Chicago akiandika color anapewa alama, nasi tukiandika hivyo tunakatwa. Ni neno lile lile.

Sisemi tuandike ovyo. Mtihani una Kiswahili chake na lazima tukijue, maana alama zikipotea hatutazirudishiwa na Krapf. Lakini kumcheka mwenzako hadi aogope kuinua mkono darasani ni jambo jingine. Wapo wanafunzi wenye akili nyingi ambao hunyamaza kipindi kizima kwa kuogopa r moja tu. Kikamba hakina r, na ulimi wake haukutenda dhambi. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Nchi yetu nzima inaitwa kwa jina ambalo mgeni mmoja alilisikia kwa sikio lake na kuliandika alivyoweza, nasi tunalibeba kwa fahari. Tumpe basi na mwenzetu nafasi aseme "lafiki" leo, ili kesho aseme "rafiki".